Gari la kamera au gari la fundi? Jibu kwa msomaji wa Dodoma

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma na mume wangu yuko kazini Dar, kwa hiyo karibu kila mwezi naendesha kwenda na kurudi nikiwa na watoto wawili. Nataka kuagiza gari kutoka Japani. Fundi wangu ananiambia nichukue Toyota IST ya 2005, kwamba gari la kompyuta nyingi litanitesa. Shemeji yangu anasema nichukue la 2016 lenye kamera kwenye kioo, linalofunga breki lenyewe, tena lenye skrini kubwa. Katika hivyo, vipi vina maana na vipi ni vikorombwezo tu? Na vina faida gani kwa uendeshaji wetu huu wa kutanua na kuchomekea?"

Marahaba, mwalimu. Jibu lenyewe ni hili: chukua gari jipya kuliko hilo la fundi, ila si kwa sababu anazokupa shemeji. Kamera kwenye orodha yangu ni ya nne. Skrini kubwa haimo kabisa. Kilichoko juu ya vyote ni kitu ambacho wote wawili hawakukutajia, na hata ukikaa kwenye kiti cha dereva kutwa nzima hutakiona.

Toyota wanakiita VSC. Kwa Nissan na Subaru utakikuta kwa jina la VDC, Mazda ni DSC, Honda ni VSA, na jina la jumla duniani ni ESC. Ni mfumo wa kulizuia gari lisiserereke na kugeuka upande pale dereva anapokata usukani ghafla. Chukua mfano wa njia yako. Umepita Mikese unaelekea Chalinze, uko kwenye 90, mvua ya kwanza imenyesha na lami ina utelezi. Bodaboda anaingia barabarani kutoka kushoto bila kuangalia. Unakata kulia kumkwepa, mbele unaona lori linakuja, unarudisha usukani kushoto. Ni ile kona ya pili inayoua. Uzito wote ulikuwa umelalia upande mmoja, sasa unahamia upande wa pili kwa kishindo, mkia wa gari unachomoka, na gari linaingia korongoni kwa ubavu au linabinuka.

Gari lenye VSC lina kihisi kinachopima umekata usukani kiasi gani na kingine kinachopima gari lenyewe limegeuka kiasi gani. Majibu ya vihisi hivyo yakipishana, kompyuta inashika breki ya tairi moja tu, ile inayotakiwa, na kupunguza nguvu ya injini, kabla wewe hujajua kama gari limeanza kuteleza. Hakuna dereva anayeweza kufanya hivyo kwa mguu, hata awe bingwa wa mbio za magari, kwa sababu pedali ya breki ni moja na matairi ni manne.

Mwezi Oktoba 1997 jarida la Sweden liitwalo Teknikens Värld lilifanya jaribio la aina hiyohiyo, kukwepa kitu ghafla na kurudi kwenye njia, kwa Mercedes-Benz A-Class iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka. Gari likapinduka. Kampuni ikasimamisha mauzo, ikarekebisha gari na kuweka mfumo huu kwenye kila A-Class. Tangu hapo ukaacha kuwa kitu cha magari ya kifahari. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayochunguza ajali kwa niaba ya kampuni za bima, iliona kuwa ESC inapunguza kwa takriban nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake. Ukiacha mkanda wa pointi tatu, alioubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, sijui kifaa kingine ndani ya gari ninachokiheshimu kiasi hiki.

Sasa ndipo umri wa gari unapoingia. Japani iliufanya mfumo huu kuwa lazima kwa matoleo mapya ya magari ya abiria kuanzia Oktoba 2012, na kwa yale yaliyokuwa yanaendelea kutengenezwa kuanzia Oktoba 2014. Vigari vidogo vya injini ya cc 660 vilipewa muda zaidi. Kwa hiyo gari la kawaida lililotengenezwa 2015 au baadaye linao, uwe umeuulizia au hukuuulizia. IST za 2005 zilizojaa mitaani kwetu nyingi hazina. Hiyo ndiyo tofauti kati ya gari la fundi na gari la shemeji. Ukifika bandarini, washa swichi bila kuwasha injini: kwenye dashibodi itawaka taa ya njano yenye picha ya gari na michirizi ya kuteleza, kisha injini ikiwaka itazima. Isipowaka kabisa, au ikiwaka na kugoma kuzima, usilipokee gari kwa maneno ya "hiyo ni sensa tu."

Lakini VSC inafanya kazi kupitia tairi. Kama tairi haishiki lami, kompyuta inakuwa haina cha kushikia. Hapa nina ugomvi wa miaka mingi na tabia yetu ya kununua rimu kubwa za kung'aa na kuzivalisha matairi ya mtumba. Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2316 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hata kama kashata zake, yale meno ya tairi, bado ni ndefu, mpira umeshakauka, na kwenye jua letu unakauka haraka zaidi. Angalia na jambo la pili ambalo wengi hawalijui: magari mengi kutoka mikoa ya baridi ya Japani yanakuja yamevaa matairi ya theluji. Yameandikwa STUDLESS au yana alama ya kitone cha theluji. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya Kibaha saa nane mchana unakuwa kama ubani uliotafunwa. Yavue hata kama ni mapya. Upepo ujaze kwa namba zilizobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, asubuhi matairi yakiwa ya baridi, si kwa kukadiria kwa jicho la mjaza upepo.

Jambo la pili linahusu uhai moja kwa moja, na watu wachache sana wanalizungumza hapa nchini. Ni mifuko ya hewa. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vipulizio vya mifuko ya hewa vinavyotumia kemikali ya ammonium nitrate. Miaka ikienda, joto na unyevu vinaiharibu kemikali hiyo, na siku mfuko unapotakiwa kufumuka, kopo la chuma linapasuka na kurusha vipande usoni na shingoni mwa dereva. Ajali ndogo ambayo ingekuachia michubuko inakuwa ya kifo. Vipulizio takriban milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Magari yaliyoguswa ni yale yale tunayoyapenda: Corolla, Vitz, Honda Fit, X-Trail na mengine mengi, hasa ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010. Na joto lenye unyevu ndilo tabia ya Dar es Salaam mwaka mzima.

Japani kwenyewe magari hayo yaliwekewa vipulizio vipya bure, ila si kila mwenye gari alikwenda. Kabla ya kulipa, chukua namba ya chesisi, ingia kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari, kuna ukurasa wa kuangalia kama gari limeitwa na kama limerekebishwa. Kivinjari cha simu kitakutafsiria. Ni kazi ya dakika chache. Ukikuta halijarekebishwa, mwambie muuzaji alirekebishe kabla halijapanda meli, akikataa achana nalo. Sambamba na hilo, omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani. Daraja la R au RA maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa, na hapo hujui kama mfuko wa hewa uliomo ni mfuko au ni kifuniko tu kilichobandikwa.

La tatu ni macho yako, na hapa ndipo ninapotofautiana na shemeji kwa nguvu zote. Mwaka 2022 jarida jingine la Sweden, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya yenye skrini za kugusa na kuyashindanisha na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida. Dereva alitakiwa, akiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, afanye vitu vinne vidogo kama kurekebisha joto na kubadilisha stesheni ya redio. Volvo kuukuu ilimaliza kwa sekunde 10. Gari lililoshika mkia, MG Marvel R, lilichukua karibu sekunde 45. Kwa mwendo ule, muda huo ni zaidi ya mita 1,300. Ipime kwa njia yako: ni umbali wa kutoka nje ya mji mdogo kama Kibaigwa hadi katikati ya watu wanaovuka, dereva akiwa anatafuta feni kwenye skrini.

Wazungu wameanza kurudi nyuma. Euro NCAP, wanaogawa nyota za usalama Ulaya, kuanzia 2026 wanatoa alama kwa gari lenye vitufe au swichi halisi za indiketa, hazadi, wipa, honi na wito wa dharura. Mimi kama mpenzi wa magari nimelifurahia jambo hili kuliko injini yoyote mpya. Kitasa cha kiyoyozi unakigeuza kwa kidole huku macho yako yakimwangalia mtoto aliyesimama pembeni mwa barabara. Skrini inakudai macho.

Skrini za magari ya Japani, kwetu, zina balaa la ziada. Zinazungumza Kijapani, ramani zake ni za Osaka, redio yake inaishia karibu na 90 au 95 wakati stesheni zetu zinafika 108, na nyingi zinahitaji kadi ya SD ya kampuni. Siku ukitoa betri zinajifunga na kudai namba ya siri. Kinachofuata ni kwenda dukani kung'oa na kuweka redio ya Android yenye skrini ya inchi kumi, na mwenye duka atakukatia waya wa breki ya mkono ili video iwe inacheza gari likitembea. Mkatalie. Weka redio ndogo yenye kitasa cha sauti, simu ifungwe mahali inapoonekana bila kuinamisha kichwa, na njia ichaguliwe kabla hujatoka getini. Kitu kimoja tu cha kutumia skrini ninakiunga mkono kwa moyo wote: kamera ya nyuma. Kwa mama mwenye watoto wadogo wanaocheza uani, hiyo ni lazima.

Ndiyo tufike kwenye kamera ya shemeji. Ni kitu kizuri, ila ujue unanunua nini. Gari la 2016 la bei ya kawaida huenda likawa Corolla Axio au Fielder, ambazo zilipata Toyota Safety Sense C, mfumo wa Toyota wa kukusaidia kuepuka ajali, mwaka 2015. Ile ya mwanzo ina kamera na miale ya leza nyuma ya kioo cha mbele. Inafunga breki yenyewe ikiona gari lililo mbele, mwendo usizidi kama 80. Haimwoni mtembea kwa miguu, achilia mbali ng'ombe wa Gairo. Mifumo ya bei nafuu zaidi ya miaka ya 2012 hadi 2014 kwenye vigari vidogo ilikuwa inafanya kazi chini ya kilomita 30 kwa saa tu. Kwa hiyo kwenye foleni ya Ubungo, unapochungulia kiti cha nyuma mtoto akilia, itakuokoa usimgonge wa mbele. Kwenye barabara kuu usiku, lori limeharibika katikati ya njia na kuwekewa majani badala ya pembetatu, usiitegemee hata kidogo.

Tena kamera hiyo inalenga kwa vipimo vya milimita. Kioo cha mbele kikipasuka na kuwekewa kingine, lazima ilengwe upya kwa mashine, na si gereji nyingi zenye uwezo huo. Kwenye magari yenye rada, rada yenyewe mara nyingi inakaa nyuma ya nembo ya mbele. Ukifunga ngao ya chuma au nembo ya kichina, umeifumba macho. Kama kioo kimebadilishwa na hakuna wa kuilenga, ni bora kuizima kuliko kuwa na breki inayojikanyaga kwa kuona vivuli. Ile kengele ya kukuonya ukitoka kwenye mstari iache ikiwa imewashwa. Barabara ya Morogoro ina mistari sehemu kubwa, na saa ya usingizi wa mchana kati ya Dumila na Morogoro sauti ile ina thamani. Pasipo na mistari itanyamaza, haina shida.

Fundi wako naye ana hoja, na sitaki uende kumdharau. Anachokiogopa amekiona kwa macho. Injini za D4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ziliwaumiza watu wengi: pampu ya presha ikafa kwa mafuta machafu, gari likawa linatikisika na kuzima, na fundi asiye na mashine ya kulisoma akawa anabadilisha spea moja baada ya nyingine kwa pesa ya mteja. Lakini sehemu kubwa ya magari "yanayotesa" yameteswa kwanza. Gia boksi ya CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda, inataka oili yake, kwa Toyota ni CVT Fluid FE kwa matoleo mengi ya miaka hii. Ukiimwagia oili ya gia boksi ya kawaida, mkanda wa chuma ulio ndani unaanza kuteleza na kujila, na baada ya muda utaambiwa gia boksi imekufa. Injini iliyoandikiwa oili nyepesi ya 0W-20 haihitaji kumwagiwa nzito ya 20W-50 eti kwa sababu nchi yetu ni ya joto. Njia za oili humo ndani ni nyembamba, na ile nzito inachelewa kufika juu asubuhi. Soma kitabu au kifuniko cha oili, nunua mwenyewe, simama pale inapomwagwa.

Ukichukua haibridi, gari la petroli na umeme, kama Toyota Aqua, muulize fundi kama anajua tundu la hewa la betri liko wapi. Lipo karibu na kiti cha nyuma, linavuta hewa ya ndani kupoza betri. Vumbi la Dodoma na nguo za watoto zilizotupwa hapo zinaliziba, betri inachemka, watu wanasema "haibridi mbovu." Kulisafisha ni kazi ya mswaki. Mfumo wa injini kuzima yenyewe kwenye taa na kuwaka tena, kwa foleni na joto letu, hauna faida kubwa. Kiyoyozi kinailazimisha iwake kila mara, na unadai betri ya aina yake ya bei ghali. Kuna kitufe cha kuuzima, herufi A ndani ya kiduara. Uzime tu.

Gari litakuja na kitufe cha kuwashia badala ya funguo. Jifunze jambo moja kabla ya kulitoa bandarini, na umfundishe mumeo: ikitokea mafuta yamenasa na gari linakimbia lenyewe, kwa Toyota bonyeza kitufe na ukishikilie kwa zaidi ya sekunde mbili, au kibonyeze haraka mara tatu au zaidi. Injini itazima. Usukani utakuwa mzito na breki itataka mguu wa nguvu, ikanyage mara moja kwa uzito wote wala usiipampu. Na kwenye breki ya ghafla ya kawaida, pedali ikitetemeka na kukoroma chini ya mguu, hiyo ni ABS inafanya kazi. Wengi hushtuka wakaachia. Usiachie. Kazi ya ABS ni kukuwezesha ukate kona huku umebana breki.

Sasa kuhusu sisi wenyewe barabarani, maana uliuliza na ndilo linaloniumiza zaidi.

Hesabu kwanza. Kwenye 80, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 22 kabla hujagusa breki. Kwenye 100 inakula 28. Umbali wa breki yenyewe haupandi sawasawa na mwendo, unapanda kwa mraba wake: kutoka 80 hadi 100 nguvu ya kuzimwa inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, ni kama mita 57 za jumla kwa 80, na kama 83 kwa 100. Dereva wa 100 anapofika mahali ambapo wa 80 ameshasimama, bado gari lake lina mwendo wa kuua. Tatizo ni kwamba gari la kisasa limetulia, halipigi kelele, halitetemeki, kwa hiyo 110 ndani yake unaisikia kama 70 ya gari la zamani. Kila kifaa nilichokusifia hapo juu kinakupa nafasi kidogo ya ziada, na nimewaona watu wengi wakiichukua nafasi hiyo yote na kuibadilisha kuwa mwendo. Shemeji akija kukwambia "hili linakaa barabarani, likanyage tu," usimsikilize.

Kutanua na kuchomekea hakuna kompyuta inayokutibu. Anayetanua pembeni ya foleni ya Kimara au Mbezi anarudi kwa kuchomekea mbele, anayechomekewa anashika breki, na foleni nzima nyuma inasimama. Kwa hiyo yule anayeharakisha ndiye anayeichelewesha. Wewe acha nafasi mbele yako. Wataingia, ndiyo. Mwache aingie mmoja, tengeneza nafasi nyingine. Njia ya kulia ya barabara pana si kiti cha kukalia: ukishampita mtu rudi kushoto.

Kuna lugha ya indiketa ya malori ambayo itakubidi uijue, na usiiamini. Lori la mbele likiwasha kushoto, linakwambia pita. Likiwasha kulia, linakwambia usipite, mbele kuna gari. Madereva hawa wengi wana roho nzuri na wanatusaidia sana. Lakini kulia kulekule ndiyo ishara ya kukata kulia, na kushoto kulekule ndiyo ya kuegesha. Halafu yeye anaona kutoka kwenye kiti chake kilichopanda, hajui gari lako linavuta vipi wala umejaza nini. Ishara yake iwe taarifa tu. Pita pale unapoona mwenyewe barabara tupu hadi mwisho wa mpango wako, si kabla.

Hazadi ni kwa gari lililosimama au lililopata tatizo. Kuiwasha kwenye makutano kuonyesha kwamba unakwenda moja kwa moja ni hatari, kwa sababu aliye pembeni anaiona taa ya upande mmoja tu na anadhani unakata. Kuiwasha kwenye mvua kubwa nako kunakunyima indiketa: ukitaka kuhama njia, hakuna atakayejua. Mvuani washa taa za kawaida, punguza mwendo, basi.

Na taa. Hili la taa za LED za kununua Kariakoo na kuzichomeka kwenye taa zilizotengenezewa balbu ya halojeni ningependa likomeshwe kabisa. Kioo cha taa kimepigiwa hesabu kwa waya mwembamba wa halojeni uliokaa mahali pamoja maalumu. LED inatoa mwanga kutoka pande zake, mahali tofauti, na kioo kinautawanya kila upande. Mwenye gari anaona mweupe mwingi karibu na boneti anafurahi, ila mbali haoni vizuri zaidi, na anayekuja mbele anapofuka kabisa, hata kama hajawasha full. Gari lako likija na LED zake za kiwandani, sawa. Likija na halojeni, nunua balbu nzuri za halojeni, safisha vioo vya taa, urekebishe ulengaji. Ukimulikwa na mtu, tazama ukingo wa kushoto wa barabara mpaka apite, na usimlipizie full. Mtakuwa vipofu wawili mnaokutana kwenye barabara yenye upana wa mita chache.

La mwisho kwenye njia yako ni miteremko, hasa kutoka Gairo kushuka Dumila. Kuweka free ili kuokoa mafuta ni imani ya enzi za kabureta. Injini yenye mfumo wa kupuliza mafuta, gari likiwa kwenye gia na umeachia pedali kwenye mteremko, inakata mafuta kabisa. Ukiweka free inabidi ipulize mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayeweka free anatumia mafuta zaidi, na breki peke yake ndiyo inayobeba uzito wote mpaka inachemka na kulainika. Weka S, B, L au 2, kutegemea gari, injini yenyewe ilishike gari.

Wakala wako mwandikie hivi: Axio au Fielder ya 2015 kuendelea, isiyo haibridi kama fundi wako hajawahi kuzishika, VSC, karatasi ya mnada ya daraja la 4 au zaidi bila R, namba ya chesisi kwa ajili ya kuangalia mifuko ya hewa, kiyoyozi chenye vitasa, kamera ya nyuma. Safety Sense ikiwemo kwa bei ileile ichukue, ikiongeza bei sana iache. Pesa utakayookoa kwenye skrini itoshe matairi manne mapya, na viti vya watoto vya kufunga kwenye kiti cha nyuma kwa zile ndoano za ISOFIX, ambazo magari mengi ya miaka hiyo yanazo kati ya mgongo na makalio ya kiti. Safari anza alfajiri, usiku usiendeshe. Na mwezi ambao huna mizigo, tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar. Acha gari nyumbani, wapandishe watoto treni.